Stelingi wa Kike Naye Hafi

Wadau, leo niseme hili kisha mnikosoe mkitaka: filamu tamu za kung fu ni zile kuukuu ambazo stelingi ni mwanamke.

Sisi wa Garsen tuliokulia vibanda vya video twajua sheria moja: stelingi hafi. Filamu ikiisha, njia nzima ya kurudi nyumbani ni mateke. Wavulana wanagawana Bruce Lee na Jackie Chan. Na sisi wasichana? Kazi yetu ni kutekwa. Unakaa chini ya mwarobaini, mikono nyuma, unangoja kuokolewa. Ukirusha teke unaambiwa unaharibu mchezo.

Walijifunza wapi? Enter the Dragon ya 1973 kila mtu anaijua. Dada yake Bruce Lee mle ndani ni Angela Mao. Anachapa wanaume wazima, lakini mwisho anazingirwa, anajiua asikamatwe. Kaka anapata sababu ya kulipiza kisasi, basi, dada kazi yake imeisha.

Kumbe mwaka mmoja nyuma, 1972, Angela Mao huyo huyo alikuwa stelingi wa Hapkido. Humo anayeuawa ni mwenzake, Sammo Hung, na anayeenda kulipiza ni yeye. Rudi nyuma zaidi, 1966, Come Drink with Me ya King Hu. Majambazi wamemteka kaka, na anayetumwa kumwokoa ni dada, Cheng Pei-pei. Yaani kaka ndiye aliyefungwa! Nilicheka peke yangu.

Ninachopenda ni kwamba hakuna hotuba. Hakuna anayesimama kueleza eti mwanamke naye anaweza. Amekaa zake mezani, majambazi wamejaa, wanamchokoza, anawajibu kwa mikono. Ndio, baadaye anaumia na anasaidiwa na mlevi mmoja. Lakini hata akisaidiwa, bado vita ni vyake.

Hapa kwetu Mto Tana ulipofurika 2023, mama zetu walibeba watoto, magodoro na mbuzi hadi pakavu. Hakuna aliyeita hiyo nguvu. Iliitwa majukumu.

Wenye vibanda, nyinyi ndio mnachagua filamu. Ijumaa moja tu, wekeni Hapkido. Kiingilio tutalipa, na viti vya mbele tutavijaza wenyewe.