Nguzo, Kioo na Umbali

Kazi ya mwandishi wa tawasifu hii, mhandisi wa majengo aliyefanyia kazi zake Nairobi, ilichukua mkondo mpya baada ya shambulio la bomu la Agosti 7, 1998, lililoua watu zaidi ya 200, wengi wao Wakenya waliokuwa katika shughuli zao za kila siku. Ubalozi wa Marekani, uliokuwa kwenye kona ya barabara za Moi na Haile Selassie, uliharibiwa vibaya lakini ulibaki umesimama, ilhali jengo la Ufundi lililopakana nao, ambalo hakuna aliyelikusudia, liliporomoka.

Tofauti hiyo ilimwongoza kuchunguza mporomoko wa mfululizo, yaani hali ambayo kuvunjika kwa nguzo moja au ukuta mmoja huangusha sehemu nyingine nyingi ambazo hazikuguswa na mlipuko. Uingereza ilikuwa imelitungia jambo hilo kanuni baada ya mlipuko wa gesi kubomoa upande mmoja wa jengo la ghorofa la Ronan Point, London, mwaka 1968. Na huko Oklahoma City, Marekani, mwaka 1995, watu 168 walikufa katika shambulio ambalo lilivunja nguzo chache za chini zilizobeba mzigo wa ghorofa nyingi. Ndiyo maana mwandishi alisisitiza kwamba nondo za boriti zipite ndani ya nguzo bila kukatika, ili nguzo ikitoweka, boriti za pande zote mbili ziweze kuubeba mzigo wake.

Hata hivyo, jambo alilolipigania kuliko yote ni kioo. Siku ile ya shambulio la Nairobi, mlio wa kwanza uliwavuta wafanyakazi wa ofisi za jirani madirishani, na bomu lenyewe lilipolipuka vigae vya vioo viliwapofusha wengi. Kioo cha tabaka, ambacho ni vipande viwili vilivyogandishwa pamoja kwa utando wa plastiki, hupasuka lakini vigae vyake hubaki vimeshikana na utando. Na kwa jengo lililokwisha kujengwa, utando kama huo unaweza kubandikwa upande wa ndani wa dirisha. Wenye majengo walikubali upesi kulipia kamera na mageti, wakaahirisha vioo, uamuzi ambao mwandishi anauhesabu kuwa kosa kubwa, kwa kuwa kamera haizuii kigae.

Kuhusu umbali, hesabu ni wazi: gari lenye baruti mara nane zaidi, likiwekwa umbali maradufu, hutoa shinikizo lile lile, kwa hiyo kila mita inayopatikana kati ya barabara na ukuta ina thamani, hata ikipatikana kwa nguzo fupi za zege zilizopangwa kando ya njia ya miguu. Shambulio la mwaka 2013 kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, lililofanywa kwa bunduki na kuua watu 67, lilimwongezea suala jingine, la njia za kutokea, na tangu hapo hakupitisha mchoro wowote wa jengo la umma wenye ukumbi ambao watu wake wangetegemea mlango mmoja.