Kibofu cha maabara na mpira wa Makambako

Wadau, kuna habari ya mwaka 2006 ambayo bado inazunguka kwenye simu zetu kama ya jana: eti madaktari Marekani wameotesha kibofu cha mkojo maabara. Juzi imenifikia tena, safari hii kutoka kwa dada mmoja wa Makambako ambaye mwanae wa miaka tisa alizaliwa na mgongo wazi. "Mdogo wangu, wewe mwandishi, hebu niulizie. Kinauzwa shilingi ngapi?"

Nikapanda Coaster pale Njombe, kilometa kama 60 hivi, nikamjibu ana kwa ana. Mambo mengine hayajibiwi kwa meseji.

Habari yenyewe ni ya kweli. Dk. Anthony Atala na wenzake walichapisha kwenye jarida la The Lancet matokeo ya wagonjwa 7 wa miaka 4 hadi 19, wote wenye mgongo wazi. Walikata kipande kidogo cha kibofu cha mgonjwa, wakazikuza seli zake, wakazipanda kwenye kiunzi chenye umbo la kibofu, na baada ya wiki saba au nane wakakishonea kwenye kibofu chake mwenyewe. Mwili haukikatai maana seli ni zake. Njia iliyozoeleka mpaka leo ni kupanua kibofu kwa kipande cha utumbo, na utumbo hauijui kazi hiyo: unatoa ute, unanyonya vinavyotakiwa kutoka, mawe yanajijenga.

Sasa kile ambacho meseji za kusambaza hazisemi. Kampuni ya Tengion ilijaribu teknolojia hiyo kwa watoto wengine 10. Matokeo yaliyochapishwa 2014 yalionyesha vibofu havikutanuka kuliko mwanzo, na baadhi ya watoto walipata madhara makubwa. Mwaka huohuo kampuni ikafilisika. Hakuna duka, dada. Si Dar, si India, si hukohuko Marekani.

Alinyamaza. Nikamwambia hata wale saba waliendelea kutoa mkojo kwa mpira. Akacheka: "Kumbe na wao?"

Maana ndiyo kazi yake kila baada ya saa chache: sabuni, maji, mpira. Mkojo ukibanwa kwenye kibofu kigumu, presha hurudi juu ikaua figo. Mwaka 1972 Dk. Jack Lapides wa Michigan alionyesha kwamba mikono na mpira vikiwa safi tu vinatosha, si lazima vifaa vya chumba cha upasuaji. Kijana ameshaanza kujifunza mwenyewe. Kinachomshinda ni choo cha shule: hakina maji, mlango haufungi. (Kwa hilo hahitajiki profesa wa Marekani!)

Halafu kuna unga. Asidi ya foliki hupunguza sana mgongo wazi, lakini uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 za mwanzo, kabla wengi hawajajua wana mimba. Vidonge vya kliniki huwa vimechelewa. Ndiyo maana kanuni za 2011 zilitaka unga wa viwandani uongezwe virutubishi. Sisi huku tunalima mahindi wenyewe na kusaga mashine ya mtaani, debe kwa debe. Sanku wametengeneza kifaa cha kuchanganya virutubishi kwenye mashine ndogo kama hizo, kwa hiyo kabla ya kurudi Njombe nilipita kuuliza. Mashine mbili za kwanza hawana. Ya tatu mwenyewe hakuwepo; nitarudi Jumamosi.