Orlando, Nyumbani kwa Maharamia wa Soweto

Kila anayefika Johannesburg na kuulizia Soweto huelekezwa Mtaa wa Vilakazi, na akifika hakosi cha kuona: nyumba namba 8115 aliyoishi Nelson Mandela, na hatua chache kutoka hapo nyumba ya Askofu Desmond Tutu. Mtaa mmoja kutoa washindi wawili wa Nobeli ya Amani si jambo dogo. Ukimaliza kupiga picha, lakini, usikimbilie hotelini. Vuka reli uingie Orlando Mashariki, kwenye mitaa iliyoizaa klabu ya Orlando Pirates mwaka 1937. Binafsi sijaona njia bora ya kuijua Soweto kuliko kuifuata historia ya timu hii, kwa sababu kila lililowapata watu wa hapa limeigusa na timu yao.

Kufika ni rahisi. Panda Rea Vaya, mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2009. Njia yake kuu inatoka Ellis Park, mashariki mwa jiji, na ina kituo pale pale kwenye Uwanja wa Orlando. Ukikaa dirishani utaviona vilima vya mchanga wa njano, mabaki ya karne nzima ya kuchimba dhahabu. Utauona Uwanja wa FNB uliojengwa kwa umbo la kibuyu, kisha minara ya kituo cha zamani cha umeme cha Orlando iliyopakwa michoro ya rangi kali, ijapokuwa sehemu ya mnara mmoja iliporomoka mwaka 2024. Kituo hicho kiliwasha taa za Johannesburg kwa miongo mingi huku majirani zake wa Soweto wakijisomea kwa mishumaa na koroboi.

Orlando ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, nayo ikapewa jina la Edwin Orlando Leake, aliyekuwa meya wa Johannesburg. Halmashauri ya jiji ilitaka pawe mahali pa kuwalaza vibarua Waafrika, mbali na macho ya Wazungu: walale, waamke, wapande treni kwenda kazini, jioni warudishwe. Nyumba zake ndogo za matofali, zilizopangwa safu kwa safu, watu walizibandika jina la viberiti. Nyingi bado zipo. Nyingine zimeongezwa chumba cha mbele, nyingine zimejengewa ukuta na geti la chuma, na karibu kila ua una vibanda vya wapangaji nyuma. Asubuhi wanawake wanafagia hadi barabarani, salamu zinapigwa kutoka ua hadi ua kwa Kizulu na Kisotho, na mgeni anayesalimia haachwi bila kujibiwa.

Katika mji huo wa kulala tu, vijana waliamua kucheza. Walianzia kwenye kituo cha vijana cha Orlando Boys Club, kisha wakajitenga na kusimama wenyewe, bila jezi, wengi wao bila viatu. Mzee Bethuel Mokgosinyana akawapokea. Akawa rais wao wa kwanza, akawapatia jezi na kuwafungulia nyumba yake wafanyie vikao. Jina walilojipa, maharamia, lilikuwa la kibabe, na nembo ya fuvu la kichwa na mifupa miwili iliyopishana ilikaa kifuani mwa vijana ambao kisheria hawakuruhusiwa hata kutembea mjini bila kitambulisho cha pasi. Mwafrika wa Orlando hakuwa na haki ya kumiliki kiwanja wala ya kupiga kura. Klabu alikuwa nayo, tena yake mwenyewe: anachagua viongozi, anakusanya michango, anagombana kikaoni na kupatana. Kabla ya serikali kumtambua kuwa raia, Pirates ilishamfanya kuwa mwanachama.

Msomaji wa Dar es Salaam atatulia hapa kidogo. Yanga ya Jangwani ilianzishwa mwaka 1935, Simba ya Msimbazi mwaka 1936, Pirates mwaka 1937. Miaka mitatu mfululizo, bandarini kwetu na kwenye jiji la migodi kule kusini, Waafrika wa mjini waliopangiwa sehemu za kukaa walikuwa wanajiundia vyama vyao kwa kisingizio cha mpira.

Mtani wa kwanza wa Pirates alikuwa Moroka Swallows, mbayuwayu wa upande wa Moroka na Dube, timu iliyoanzishwa mwaka 1947. Kwa zaidi ya miaka ishirini, mtu akisema dabi ya Soweto alimaanisha hao wawili. Leo vijana wengi hawajui hivyo, na Swallows wenyewe waliuza nafasi yao ya ligi kuu mwaka 2024. Wazee wa Orlando bado wanawataja kwa heshima ya adui aliyewahi kukutoa jasho.

Utani uliowafunika ulizaliwa ndani ya nyumba. Kaizer Motaung, mtoto wa Orlando Mashariki aliyezaliwa mwaka 1944, alianza kuichezea Pirates akiwa kijana wa miaka kumi na sita. Mwaka 1968 akaenda Marekani kuchezea Atlanta Chiefs, akachaguliwa mchezaji bora chipukizi wa ligi ya kule. Aliporudi aliikuta klabu imegawanyika, viongozi hawasemezani na wachezaji kadhaa wamefukuzwa. Akajaribu kusuluhisha, ikashindikana. Mwaka 1970 akaunda timu yake na wenzake, wakaiita Kaizer Chiefs: jina lake, likafungwa pamoja na jina la klabu aliyotoka Atlanta. Makao yao ya mwanzo yalikuwa Phefeni, upande wa pili wa reli, mwendo wa miguu tu kutoka kwa waliowaacha.

Fikiria uchungu wake. Waliohama hawakuwa wageni; walikuwa watoto waliolelewa na klabu, na kuna nyumba zilizogawanyika usiku mmoja, baba akabaki na nyeusi na nyeupe, mwana akavaa dhahabu. Wanamsimbazi na Wanajangwani hawahitaji kuelezwa zaidi, maana Simba nayo ilitokana na waliojitenga na Yanga. Chiefs walikuja na mtindo: suti kali, nywele za afro, vidole viwili juu kwa ishara ya amani na upendo. Pirates wakajibu kwa kukunja ngumi na kupishanisha mikono, mfano wa ile mifupa ya nembo. Ishara hizo ndizo salamu za mtaani hadi leo. Nilipita Orlando nikiwa nimevaa fulana nyeusi, dereva wa teksi akaachia usukani kwa nukta moja kunipishia mikono. Abiria wake wa nyuma akatoa vidole viwili dirishani, wote wawili wakicheka.

Hadithi inayopendwa kuliko zote hapa ni ya Jomo Sono. Baba yake, Eric Sono, alikuwa nahodha wa Pirates, akafa kwa ajali ya gari mwaka 1964, mtoto akiwa na miaka minane. Jomo akakua akiuza matufaa na karanga viwanjani na kwenye vituo vya treni. Alipokuwa mkubwa akavaa jezi ya baba yake, na Soweto ikampa heshima ya mwana wa mfalme. Siku ya harusi yake Pirates walikuwa wanacheza na Highlands Park, na habari zikamfikia kwamba timu iko nyuma 2–0. Bwana harusi akaacha sherehe, akaenda uwanjani, akavaa jezi, na Pirates wakashinda 4–2. Mwaka 1977 alikwenda New York Cosmos, klabu aliyokuwa akichezea Pelé. Hadi leo, ukitaka kumfungua mdomo mzee yeyote wa Orlando Mashariki, mtajie harusi hiyo.

Simama sasa mbele ya Uwanja wa Orlando. Wa kwanza ulijengwa mwaka 1959. Huu uliopo ulifunguliwa upya mwaka 2008 na unachukua watu wapatao 40,000. Tarehe 16 Juni 1976 maelfu ya wanafunzi walikuwa wakiandamana kuelekea uwanjani hapa kupinga kufundishwa kwa Kiafrikana. Hawakufika. Polisi waliwafyatulia risasi Orlando Magharibi, na miongoni mwa waliouawa alikuwemo mtoto Hector Pieterson. Makumbusho yenye jina lake yapo jirani na mahali alipopigwa, na ukitoka humo nenda uwanjani kwa miguu ili uujue umbali waliokuwa wamebakiza. Mwaka 2018, Winnie Mandela alipofariki, umma ulimuaga hapa hapa.

Miaka michache kabla ya Nelson Mandela kuwa rais, Afrika Kusini ilikuwa bado nje ya mpira wa bara letu kwa sababu ya ubaguzi. Milango ilipofunguliwa, Pirates hawakuchukua muda. Mwaka 1995 walifika fainali ya klabu bingwa Afrika, wakatoka sare ya 2–2 nyumbani na ASEC Mimosas. Marudiano yalichezwa Abidjan tarehe 16 Desemba, siku ambayo Afrika Kusini ilikuwa inaadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Maridhiano. Jerry Sikhosana akafunga bao moja, likatosha. Hakuna klabu ya kusini mwa Afrika iliyokuwa imewahi kulibeba kombe hilo, na ndiyo maana nembo ya Pirates ina nyota. Beki aliyeshangiliwa sana na Soweto kwenye kikosi kile alikuwa Mark Fish, kijana Mzungu kutoka Pretoria.

Siku ya dabi, Orlando inaamka mapema. Mechi yenyewe mara nyingi hupelekwa Uwanja wa FNB, unaochukua zaidi ya watu 90,000, ila sherehe inaanzia mtaani. Kwenye vibanda wanauza kota: robo ya mkate iliyotobolewa katikati, ikajazwa chipsi za moto, achari ya embe, poloni, jibini na yai la kukaanga, kisha ikafungwa kwa karatasi na kuliwa kwa mikono miwili. Kichwani watu wanavaa makarapa, helmeti za wachimba migodi zilizokatwa pembe na kupakwa rangi za timu. Alfred Baloyi, shabiki wa Chiefs, ndiye aliyeanza kuzitengeneza mwaka 1979. Kofia ya mtu aliyekuwa akishushwa chini ya ardhi imegeuzwa taji.

Kilichonishangaza zaidi ni jukwaani. Dar es Salaam kila upande una eneo lake. Huku wanakaa wamechanganyikana, bega kwa bega, mume wa Chiefs na mke wa Pirates kwenye viti jirani, wanatukanana kwa mapenzi dakika tisini na kugawana maji. Dabi hii nayo imekuwa na misiba yake. Mwaka 1991, mjini Orkney, watu 42 walikufa kwenye mechi ya timu hizi. Mwaka 2001 wengine 43 wakafa Ellis Park, ambako njia ya lile basi inaanzia. Walikufa wa rangi zote mbili. Soweto haijawasahau, na haikuacha kukaa pamoja.

Sisi nasi tumo kwenye hadithi hii. Mwaka 2021 Simba walifungwa 4–0 na Chiefs kule, wakarudi Dar wakashinda 3–0, wakatolewa kwa bao moja. Mwaka uliofuata Pirates waliwatoa kwa penalti kwenye Uwanja wa Orlando, baada ya kila timu kushinda 1–0 kwake. Katika benchi la Pirates usiku ule alikuwepo kocha Fadlu Davids. Miaka mitatu baadaye ndiye aliyeiongoza Simba hadi fainali ya Kombe la Shirikisho. Kocha mwingine, Nasreddine Nabi, aliyeifikisha Yanga fainali kama hiyo mwaka 2023, alikwenda Chiefs na mwaka 2025 akawapa Kombe la Nedbank kwa kuwafunga Pirates 2–1, taji lao la kwanza ndani ya miaka kumi.

Kwa hiyo nenda Orlando, na uende msimu wa ligi. Mwenyeji yeyote atakuonyesha uwanja, nyumba za viberiti, reli na njia waliyopita wanafunzi, yote katika asubuhi moja, kwa sababu Soweto imejifunza kumtembeza mgeni kwenye historia yake. Kisha urudi Kariakoo na wazo hili: klabu zetu ni za zamani kuliko Pirates, Jangwani na Msimbazi zipo palepale, na wazee wanaokumbuka wanapungua kila mwaka. Mgeni akitua Dar leo na kuuliza mpira wetu ulianzia wapi, tuwe na mahali pa kumpeleka na mtu wa kumsimulia.