Mguu wa Kibati

Jumatatu, 10/3/2025

Kigutu cha Yaya, kaka yangu, kimefunguka tena. Nimerudi kutoka kufundisha nikamkuta ameuvua mguu wa bandia, ameuegemeza mlangoni, anapepea kidonda kwa kifuniko cha sufuria. Anasema ni joto tu. Nimenusa, si joto.

Mguu huo alitengenezewa Goma, Shirika la Umoja, mwaka 2018, kwa msaada wa Msalaba Mwekundu wa Kimataifa. Mafundi walimwambia mtu mzima abadilishe kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, maana mwili unakonda na plastiki haikondi. Amekonda. Lakini Goma iko mikononi mwa waasi wa M23 tangu mwisho wa Januari, na Bukavu, ambako kuna mafundi wengine pale Heri Kwetu, ilifuata katikati ya Februari. Mtu aliyepoteza mguu Kibati mwaka 2013 akipigana na M23 hawezi kwenda kuomba mguu mpya katika mji wa M23.

Leo hapa Kalemie, pwani, boti za kutoka Uvira zimeshusha watu tena, magodoro kichwani. Mama mwenye nyumba anauliza kama tunaweza kubanana tupokee familia moja.

Jumamosi, 15/3

Homa tangu juzi usiku. Asubuhi tukampandisha taksi moto, mimi nyuma nimemshika kiunoni, hadi zahanati ya kambi ya jeshi. Muuguzi ni mtu mwema, anamjua Yaya kwa jina lake la vita. Akafungua kabati atuoneshe: bandeji zilizobaki zimewekwa kwa majeruhi walioshuka na boti. Dawa ya sindano hakuna. Akaandika karatasi ya kumpeleka mbele, akaongeza kwa sauti ndogo: "Madamu, mbele hawapokei karatasi hii bila pesa."

Tumekwenda kliniki ya mtu binafsi, kwa sababu ilikuwa karibu na kwa sababu daktari alikuwepo. Waliomba dola 50 za kuanzia. Nimetoa za kodi.

Jumanne, 25/3

Mfupa umesafishwa, homa imeshuka, na fakitire imetoka: dola 385. Chumba cha upasuaji, kitanda, seftriaksoni, serumu, bandeji, glovu (tulizonunua wenyewe, nikawaonesha risiti, wakazifuta), na mstari mmoja ulioandikwa "mengineyo". Ukitoa 50 zinabaki 335. Mshahara wangu wa mwezi haufiki nusu yake.

Nimekaa na fakitire hiyo kwenye benchi nikifikiri jinsi magonjwa yanavyogawana bahati. Kipindupindu, ambacho hapa Kalemie hakikauki, kwa kawaida hutibiwa bure, kwa sababu kikiachwa kitamfuata na jirani. Askari aliyepigwa risasi juzi ana wafadhili wa kumlipia upasuaji. Risasi ileile ikitimiza miaka kumi na miwili mwilini inakuwa mambo ya nyumbani.

Na ile bima ya afya kwa wote? Sheria yake ipo, na mwaka 2023 Serikali ilianza na kitu kizuri: uzazi bila malipo, kwanza Kinshasa. Nilipomwambia Yaya akacheka kwa mara ya kwanza wiki hii. "Basi nijifungue nini, Madamu?" Ananiita Madamu anapotaka kunichokoza.

Jumapili, 30/3

Daktari amesema amepona vya kutosha kwenda nyumbani. Mhasibu amesema haendi. Wamemtoa kitandani wakamhamishia kwenye baraza la nyuma, pamoja na wengine waliopona wasiolipa. Magongo yake yamewekwa ofisini.

Kuna mwanamke wa Nyunzu aliyejifungua kwa kisu. Mtoto sasa anajua kucheka na bado wako hapa. Kuna fundi baiskeli aliyevunjika nyonga. Wanalala kwenye mikeka, tunawaletea bukari na sombe kwa zamu, mlinzi anahesabu vichwa asubuhi na jioni. Hakuna anayepaza sauti. Hakimu akifika atashangaa, lakini hakimu hafiki.

Nataka kuwachukia na siwezi kabisa. Nchi nzima inafanya hivi, hata hospitali za Serikali, maana wauguzi wengi hawaoni mshahara, wanaishi kwa kile mgonjwa anacholipa. Anayetoka bila kulipa ametoka na chakula cha mtu. Ninachokitafuta ni mdaiwa wa kweli, na huyo hayuko barazani hapo.

Alhamisi, 3/4

Redio inasema Rais ameagiza mishahara ya askari na polisi iongezwe mara mbili. Barazani wote wakampongeza Yaya, na mhasibu akaja kuuliza lini.

Usiku tumezungumza kwa simu na Papa Ajida, mzee wa jeshi la Mobutu aliyepoteza mkono. Yeye anakumbuka enzi pesa zilipopita kwa kamanda, na kamanda akaandika majina ya marehemu ili mfuko wake ujae. Wazungu wa Umoja wa Ulaya walikuja mwaka 2005, wakahesabu askari kwa alama za vidole na kutenganisha njia ya mshahara na njia ya amri. Siku hizi pesa hupita benki. "Nashukuru," akasema, "lakini angalia jambo moja. Unalipwa kwa sababu jina lako liko kwenye orodha ya askari wa kazi. Siku ukisema wewe ni mlemavu, umestaafu, unahamia orodha nyingine. Umewahi kumwona mtu anayekula kwa ile orodha nyingine?"

Sasa nimeelewa kwa nini Yaya, mwenye mguu mmoja, bado ni askari wa kazi na kila mwezi hujikongoja kuonesha sura yake. Akiomba haki ya jeraha, mshahara unaingia hatarini. Akishika mshahara, jeraha halina cheti. Nani atamshauri mtu aachie ndege mkononi?

Jumamosi, 12/4

Katoka. Zamu yangu ya likelemba, upatu wetu, ilikuwa Juni. Akina mama wa soko la ndagala wamekubali kuivuta mbele, dola 180, bila kuniuliza maswali mengi. Mmoja kauza nguo ya kitenge aliyoinunua kwa ajili ya Pasaka, hilo nimelisikia kwa mtu mwingine. Papa Ajida katoa 20. Kwa dola 135 zilizobaki nimesaini karatasi ya kulipa kila mwezi, na nimeacha kadi yangu ya uchaguzi kama rehani. Fundi baiskeli alitusaidia kushuka ngazi, akarudi kwenye mkeka wake.

Nimejumlisha: Serikali sifuri, ndugu na marafiki 250, deni langu 135. Wanawake wanaouza ndagala kwa kopo ndio bima ya jeshi la nchi hii.

Jumatano, 23/4

Likizo ya Pasaka imenipa muda wa kufuatilia ofisini haki ya jeraha la Yaya. Nilikwenda nimejifunza. Sheria namba 13/005 ya tarehe 15/1/2013 juu ya hadhi ya askari wa FARDC, jeshi la taifa, inaweka matibabu ya askari kwenye mzigo wa Serikali na inataja malipo kwa aliyeumia kazini. Sheria namba 22/003 ya tarehe 3/5/2022 inalinda watu wenye ulemavu wote. Nilikuwa nazo kwenye bahasha, nimepiga mstari kwa wino mwekundu kama daftari la mwanafunzi.

Afisa alinisikiliza kwa heshima. Kisha akataja vipande vya dosie: cheti cha kujeruhiwa kilichosainiwa na kamanda wa wakati ule, uamuzi wa tume ya madaktari wa jeshi wenye asilimia ya ulemavu, hati ya kuingia jeshini, matrikile (namba ya jeshi), kitambulisho. Tume haikai hapa. Kamanda wa wakati ule alikufa. Na kitambulisho ndicho kichekesho chenyewe.

Yaya aliingia jeshini mwaka 1997, waasi wa AFDL walipopita hapa, akiwa na miaka kumi na tatu. Mama alimtafuta kituo cha reli siku nzima. Mwandishi wa kikosi alimwandika ana miaka kumi na minane, na badala ya jina la baba akaweka jina walilompa wenzake. Kadogo wengi, yaani askari watoto, waliandikwa hivyo. Kwa jina hilo alipigana Pweto mwaka 2000 na kukimbilia Zambia na wengine walioshindwa, kwa jina hilo akaingia FARDC, kwa jina hilo mguu ukakatwa. Kadi yake ya uchaguzi ina jina alilobatizwa. Kwa hiyo kuna askari mwenye jeraha asiye na kitambulisho, na kuna raia mwenye kitambulisho asiye na jeraha.

Afisa alisema njia ni hukumu ya mahakama ya kuunganisha majina. Nikauliza gharama. Akaniambia niulize mahakamani.

Kurekebisha majina ni kazi ya jeshi lililoyaandika, si ya mtoto aliyekuwa na miaka kumi na mitatu. Nilitaka kumwambia hivyo. Nimeliandika hapa, nitalitia kwenye barua.

Jumamosi, 17/5

Sikukuu ya Mapinduzi na ya majeshi. Yaya hakutaka kwenda kwenye gwaride, kisha akavaa koti akaenda. Walemavu walisimama kando ya kivuli, yaani waliokuwa na cha kusimamia. Niliwatazama: mzee wa Mobutu, kadogo wa AFDL, mmoja aliyekuwa wa waasi wa RCD, wawili wa wanamgambo wa Mai-Mai ambao hawajawahi kupewa matrikile. Wanaume hawa waliwahi kulengana bunduki. Leo wanaazimana magongo na kuulizana bei ya bandeji.

Mmoja alimkumbuka Kaporali Albert Kunyuku, aliyekwenda hadi Burma na kikosi cha tiba wakati wa vita vya pili vya dunia. Mwaka 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvisha nishani kule Kinshasa, akiwa na miaka 100. "Basi nasi tuvumilie," akasema, "tukifika mia tutavishwa." Wakacheka hadi watu wa jukwaani wakageuka. Mimi sikucheka. Nishani haina maana mbaya, lakini mtu huvishwa mara moja, na kigutu huoshwa kila siku.

Jumamosi, 7/6

Walemavu wale wamekutana uani kwetu, na Papa Ajida kaniomba niwe mwandishi kwa sababu barua zao za Kifaransa huwa naziandika mimi. Hoja: kuanzisha mituelle ya afya, yaani mfuko wa kusaidiana. Sheria ya mituelle ipo, namba 17/002 ya tarehe 8/2/2017. Kila mmoja franka 5,000 kwa mwezi. Mtu akilazwa, mfuko unalipa sehemu, na wenzake wanakwenda kudhamini ili asihamishiwe barazani.

Ugomvi wa kwanza: wale wa Mai-Mai waingie? Hawana matrikile. Yule wa RCD akasema mfuko ni wa askari. Yaya, ambaye kwa kawaida hanyanyui sauti, akauliza nani kati yao anatumia jina lake la kweli kwenye orodha. Wakanyamaza, wakapiga kura, Mai-Mai wameingia. Wajane pia.

Ugomvi wa pili ni wangu. Nilisema sipendi. Tukilipa wenyewe vizuri, Serikali itatulia: watu wake wanatibiwa, hakuna kelele, na sheria ya mwaka 2013 itazeeka kwenye bahasha yangu. Papa Ajida akanijibu bila kukasirika: "Madamu, wewe unangoja haki, mimi nangoja sindano ya Jumatatu."

Hilo sina la kulijibu. Lakini nimewaomba kitu. Daftari la mituelle litakuwa na safu tatu: gharama yote ya matibabu, kilicholipwa na mfuko au ndugu, na deni la Serikali. Safu ya tatu itakuwa sawa na ya kwanza, senti kwa senti, hata fakitire ikiwa imeshalipwa. Yule wa RCD akasema ni kujifurahisha. Labda. Ila leo hakuna ofisi katika mkoa huu wa Tanganyika inayoweza kusema walemavu hawa wametumia kiasi gani kujitibu majeraha ya kazi, na kisichoandikwa hakuna anayelazimika kukibishia. Wamekubali kwa kura moja zaidi.

Jumapili, 29/6

Nimelipa rejesho la mwezi, kadi yangu bado iko kwao. Kidonda kimefunga. Mguu mpya hakuna; kuna fununu za mafundi Lubumbashi, nauli inatushinda, Yaya anatembea kwa magongo.

Daftari limeanza. Mstari wa kwanza ni wake: 385 safu ya kwanza, 385 safu ya tatu, na ya pili inajazwa kadiri ninavyolipa. Chini yake wamefuata wengine tisa, pamoja na mjane mmoja aliyelipa dawa za kifua za mumewe hadi alipozikwa. Walikuja na risiti zilizohifadhiwa kwenye makopo ya maziwa, ndani ya Biblia, ndani ya soksi. Sikuamini watu maskini wangetunza karatasi nyingi hivi za deni lisilo na wa kulidai. Jumla ya safu ya tatu hadi jana usiku ni dola 2,940.

Nimepiga nakala tatu, pamoja na barua yenye hoja ya majina ya kadogo. Jumatatu ni sikukuu ya Uhuru, ofisi zimefungwa. Jumanne nitaipeleka, na sitaondoka mapokezi bila mhuri na tarehe kwenye nakala yangu. Papa Ajida amesema atanisindikiza, akiwa na sare. Mwisho wa Septemba tunapeleka ukurasa wa pili.