Alama za Nyongeza

Mwanafunzi atokaye Liuli, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, akifika chuoni hukuta kipimo kimekwisha kutangazwa: aghalabu kazi za muhula zina alama 40, na mtihani wa mwisho alama 60. Muhula ukikaribia kwisha, hutokea mwalimu mwenye huruma akafungua mlango wa pembeni. Atakayehudhuria mhadhara wa jioni, au atakayekusanya methali za wazee wakati wa likizo, ataongezewa alama 5. Huruma ni sifa njema. Lakini yafaa kuuliza humwangukia nani.

Mhadhara wa jioni humfaa mwenye nauli na nafasi. Afanyaye kibarua jioni ili apate chakula hawezi kwenda. Katika methali mambo hugeuka. Mtoto wa Liuli amelelewa juu ya hazina: ufukoni husikia Kinyasa cha wavuvi, na akipanda milima ya Mbinga hukutana na Wamatengo na ngolo zao, mashimo yale ya shambani yanayozuia udongo usichukuliwe na mvua. Atarudi na daftari limejaa. Mwenzake wa mjini atarudi na methali 3 alizozitoa kitabuni. Hapa mnyonge amepata, na wengi watafurahi. Lakini mizani imeinama vilevile, ila upande wa pili. Kama daftari lile ni elimu, na bila shaka ni elimu, mahali pake ni ndani ya zile alama 40, kwa wote, tangu juma la kwanza.

Wako watakaomtaja Mwalimu Nyerere. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ililaumu utukufu uliopewa mtihani, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka kazi na mwenendo wa mwanafunzi vihesabiwe pia. Hoja hiyo ni nzito. Lakini huko kulikuwa kubadili kipimo chenyewe mbele ya taifa zima, si kukijaliza mwishoni kwa ajili ya waliopungukiwa.

Tena alama husafiri. Liuli ina hospitali ya Mtakatifu Anne, iliyotokana na misheni ya Kianglikana. Mgonjwa aliyeletwa kwa mtumbwi usiku hana njia ya kujua kama tabibu wake alifaulu somo la dawa kwa kuzijua dawa, au kwa kufagia bustani ya chuo. Yeye huiamini karatasi.

Mwalimu mwenye huruma anayo njia nyingine, nayo humtoa jasho: kuirudisha kazi iliyoharibika pamoja na maelezo, kumruhusu kila atakaye aiandike upya, kisha kuisahihisha tena kwa kipimo kilekile. Kwa darasa la watu 200 hiyo ni mikesha mingi, na chuo kitakacho kazi hiyo ifanywe hakina budi kumpa msaidizi.