Bustani ya Katikati ya New York

Wengi wetu tukisikia neno bustani twafikiri vitalu vya mboga nyuma ya nyumba, au maua machache mbele ya kanisa. Bustani ile iliyo katikati ya mji wa New York, huko Marekani, iitwayo Central Park, ni jambo jingine kabisa. Ukubwa wake ni eka 843, na urefu wake toka kusini hata kaskazini ni maili mbili na nusu. Tulipojaliwa kuufikia mji ule tuliizunguka siku nzima, na miguu yetu ni mashahidi.

Mgeni hudhani ya kuwa maziwa na mabonde yale yalikuwako tangu zamani. Sivyo. Olmsted na Vaux, ambao mchoro wao ulichaguliwa mwaka 1858, waliagiza mabwawa yachimbwe, miamba ipasuliwe kwa baruti, na miti ipandwe kwa maelfu. Hata barabara zikatizazo bustani zilizamishwa chini, ili aendaye kwa miguu asisumbuliwe. Kazi hii twaisifu. Maskini na tajiri huketi ubao mmoja pale, wala hapana aulizwaye kiingilio.

Walakini lililotupeleka hasa si maziwa. Upande wa magharibi, kati ya barabara ya 82 na ya 89, palikuwa na kijiji, jina lake Seneca Village. Mwaka 1825 kijana mweusi, Andrew Williams, ambaye kazi yake ilikuwa kung'arisha viatu, alinunua viwanja vitatu kwa dola 125. Kanisa la AME Zion nalo likanunua sita. Wenzao wakafuata. Hata kufika mwaka 1855 walikuwako watu kama 225, theluthi mbili weusi, na waliobaki wengi wao Waairishi. Na makanisa matatu, na shule. Tena ardhi ile ilikuwa zaidi ya makao, maana kwa sheria ya New York ya siku zile mwanamume mweusi hakupiga kura asipokuwa na mali ya dola 250. Mweupe hakuulizwa neno hilo.

Magazeti yaliwaita wavamizi, nao wengine wana hati mkononi! Mwaka 1857 mji ukaitwaa ardhi yote kwa ajili ya bustani, na watu wakatolewa. Williams alitaka dola 3,500, akapewa 2,335. Wakristo wa Zion walikuwa wameweka jiwe la msingi la kanisa lao mwaka 1853, pamoja na Biblia na kitabu cha nyimbo sandukuni. Miaka minne tu.

Wako wasemao kwamba watu 225 ni wachache, na waliofaidiwa na bustani ni mamilioni. Hesabu hiyo twaifahamu. Lakini twaona si haki wachache hao kuitwa wavamizi juu ya kuondolewa.

Mwaka 2011 wataalamu walichimba pale, wakakuta msingi wa nyumba ya mtunza kanisa mmoja, birika la chuma, na kiatu cha mtoto. Siku hizi yapo mabango yaelezayo habari hizi. Tulipolifikia neno la shule tulikawia, sisi tulio walimu. Ilikuwa katika chumba cha chini cha kanisa.