Siku ctypes iliponifanya nimdanganye mama

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na leo narudi na kisa cha kuungama.

Mama analima mahindi Kilifi. Alitaka kujua kama masika yanapungua kweli au ni maneno ya watu tu. Nikamwambia, niachie mimi. Data za mvua za CHIRPS ni za bure, zinaanzia mwaka 1981, na zimegawa nchi kavu katika vijiraba vya nyuzi 0.05. Nilikuwa nazo katika faili ya NetCDF, ambayo husomwa kwa maktaba ya lugha ya C kutoka Unidata, Marekani.

Mimi ni mtu wa Python. Tangu toleo la 2.5, mwaka 2006, Python ina moduli ya ctypes inayoita maktaba za C moja kwa moja. Maktaba ilikuwa tayari kwenye tarakilishi yangu, bando lilikuwa limeisha, basi nikaanza:

from ctypes import *
nc = CDLL("libnetcdf.so")
namba = c_int()
nc.nc_open("mvua.nc", 0, byref(namba))

Jibu likaja: 2. Yaani faili haipo. Haipo vipi, na mimi naiona?

Kumbe Python 3 hupeleka maandishi kama hayo kwa herufi pana, baiti 4 kwa kila herufi kwenye Linux. C nayo ikikutana na baiti ya sifuri, hudhani neno limeisha. Maktaba ilikuwa inatafuta faili inayoitwa "m"! Nikaandika b"mvua.nc", ikafunguka.

Nilifurahi mno, na hapo ndipo nilipoteleza. Nikachukua vijiraba 100 kuzunguka shamba, nikapiga wastani wa Aprili 2018, nikampigia mama simu. Nikamwambia mwaka ule mvua ilikuwa haba.

Akacheka. "Mwanangu, Aprili hiyo maji yaliingia mpaka jikoni. Wewe ulikuwa Nairobi."

Nikarudi kwenye data. Kona moja ya eneo langu iligusa bahari, na CHIRPS huandika -9999 pasipo na kipimo. Tuseme vijiraba 99 vina milimita 150 kila kimoja, na kimoja kina -9999. Wastani unatoka 48.51. Ungetoka chini ya sifuri ningeshtuka papo hapo, lakini 48.51 inafanana kabisa na ukame. Kifurushi cha netCDF4 cha Python kingeficha thamani hizo chenyewe. Mimi nilikuwa nimeita C moja kwa moja, na C inakupa ulichoomba, haikuulizi unakwenda kukifanyia nini.

Kosa la kwanza lilinipotezea nusu saa tu, kwa sababu lilipiga kelele. La pili lilikuwa kimya, na mama alikuwa karibu kuacha mahindi apande mihogo kwa sababu yangu.

Siku hizi kabla ya wastani wowote nachapisha thamani ndogo kabisa na kubwa kabisa. Ni mistari miwili tu. Halafu nampigia mama na kumwuliza kwanza yeye anakumbuka nini.

Haya, tukutane wakati mwingine.